Mfupa Umeunga, Goti Limegoma

Wasomaji wangu wa siku zote wamekuwa wakiniuliza sababu ya ukimya wa miezi tisa. Baadhi yenu mlidhani nimeteuliwa. Wengine, kwa jinsi mnavyoijua nchi yenu, mlidhani nimenyamazishwa. Ukweli hauna heshima ya kiasi hicho. Nilianguka kutoka juu ya farasi.

Nitalieleza jambo hilo kwa ufupi, kwa kuwa aibu yake bado sijaizoea. Naishi Terrat, kata ya kusini mwa Jiji la Arusha (siyo Terrat ile ya Simanjiro, ambako wageni wangu wawili wamekwisha kupotelea wakinitafuta). Nilijenga huku kwa sababu ile ile iliyowaleta wahadhiri wenzangu wengi pembezoni mwa miji: bei ya kiwanja. Jirani yangu mmoja ni mtunza farasi wa shamba fulani, na jioni za Jumapili huwatembeza farasi wawili wa mwajiri wake katika uwanda ulio nyuma ya nyumba zetu. Jumapili moja ya Septemba binti yangu wa miaka kumi alitaka kumpiga picha baba yake akiwa juu ya farasi. Nilipanda. Nilizungushwa polepole kama bwana harusi, na nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa maana, pale upepo ulipoinua mfuko wa plastiki kutoka kichakani. Mfuko ambao, kwa katazo la serikali, haukupaswa kuwapo tangu Juni 2019. Farasi aliruka kando. Mimi sikuruka naye. Niliangukia jiwe kwa ubavu wa kulia, na mfupa wa paja ukavunjika katika theluthi yake ya chini, karibu na goti.

Simlaumu farasi, wala jirani yangu ambaye alilia kuliko mimi. Sisi watu wa bara hatuna mazoea na mnyama huyu. Mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi vilimzuia asienee nchini mwetu kwa karne nyingi, na mizigo ya Uarusha na Umasai ikabebwa na punda, ambaye hashtuki ovyo na wala hana muda wa picha. Kwa hiyo nilipofikishwa hospitalini na muuguzi akauliza chanzo cha ajali, jibu langu lilisimamisha kazi ya chumba kizima. Alikuwa na fomu yenye nafasi za gari, pikipiki na baiskeli. Aliandika kwa mkono: «farasi».

Wodi ya mifupa ya wanaume ndiyo darasa bora la sosholojia nililowahi kuketi, ingawa niliketi nikiwa nimelala. Walikuwamo vijana wengi kuliko wazee, na karibu wote walikuwa wameletwa na chombo kimoja, pikipiki. Baadhi walikuwa na miguu iliyovutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, wengine na vyuma vya nje vinavyotokeza kwenye muundi mithili ya antena. Jina langu lilisahaulika siku ya kwanza. Nikawa Mzee wa Farasi. Siku ya pili mambo yaliharibika zaidi, kwa kuwa faili langu liliandikwa «Dkt.» Kuanzia hapo wagonjwa walinionyesha vidonda vyao usiku na kuniuliza vidonge vipi vimeze kabla ya chakula. Nilijitahidi kueleza kwamba udaktari wangu ni wa sayansi ya siasa. Mzee mmoja wa Kimasai, aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe, alifikiri kidogo kisha akauliza, «Sasa hiyo inatibu nini?» Nimeulizwa maswali mengi katika mitihani ya shahada tatu. Hilo bado sijalijibu.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala kijana wa Muriet, kata jirani na yetu. Nitamwita hivyo hivyo, kijana wa Muriet, kwa kuwa jina lake ni mali yake. Ana miaka ishirini na minne, mke na mtoto mmoja. Aliteleza kwenye kokoto alfajiri akimkwepa punda aliyelala barabarani, na wodi ilifurahi sana kugundua kwamba mimi na yeye tumeangushwa na wanyama wa ukoo mmoja. Tulikuwa na mengine ya kufanana. Mfupa wake ulikuwa ule ule, wa paja la kulia, na umevunjika karibu mahali pale pale. Tulifanyiwa upasuaji wiki moja, na timu moja, na sote tuliwekewa chuma ndani ya uti wa mfupa.

Hapa sina budi kusema jambo jema, kwa sababu wakosoaji wa serikali, nikiwamo mimi, tuna kawaida ya kuyaruka mambo mema. Upasuaji wa mifupa katika nchi hii umepiga hatua ambayo baba zetu hawakuiota. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Na leo mfupa wa paja, ambao zamani ulimlaza mtu miezi mitatu huku mguu ukivutwa kwa uzito, hufungwa kwa chuma katika saa chache. Ipo hata aina ya chuma, ijulikanayo kwa jina la SIGN, iliyobuniwa na daktari wa Kimarekani Lewis Zirkle kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Matundu ya skrubu hutafutwa kwa mkono wa chuma unaopimwa nje ya mguu. Hospitali hupewa vyuma hivyo bila malipo, kwa sharti la kutuma taarifa na picha za kila mgonjwa. Hospitali kadhaa nchini zimevitumia kwa miaka mingi.

Basi mfupa wangu uliunganishwa, na wa kijana wa Muriet uliunganishwa. Siku ya nne tulitolewa siku moja, kila mmoja na magongo yake, dawa zake, na karatasi yenye tarehe ya kurudi kutoa nyuzi. Kwa lugha ya kumbukumbu za hospitali sisi sote ni mafanikio, na ninaamini mahali fulani tumejumlishwa katika mstari mmoja wa taarifa ya robo mwaka.

Leo mimi ninatembea. Nachechemea kidogo asubuhi za baridi, pale ukungu wa Meru unaposhuka hadi huku kwetu, lakini napanda ngazi za ukumbi wa mihadhara bila kushika ukuta. Kijana wa Muriet hatembei hivyo. Mfupa wake umeunga vizuri, eksirei inasema hivyo. Goti lake ndilo lililogoma. Linakunjika hadi mahali fulani, kisha linakataa, na nyuma ya kukataa huko kuna ndoa, mkopo, na pikipiki iliyorudishwa kwa mwenyewe.

Wizara ya Afya inalo neno zuri kwa kile nilichokipata mimi na ambacho yeye hakukipata. Huitwa utengamao. Mtalikuta katika hotuba na nyaraka, likikaa kwa adabu mwishoni mwa orodha: kinga, tiba, utengamao. Ni neno letu wenyewe. Hali iliyokuwa imevurugika ikitulia tunasema imetengamaa, na mgonjwa aliyerudiwa na nguvu zake tunasema ametengamaa. Nasikitika kwamba neno lenye maana pana kiasi hicho limekuwa la kujazia sentensi.

Maana utengamao ni kazi. Kabla ya Septemba nilidhani mtu akivunjika mfupa, mfupa hupona, naye akaendelea na shughuli zake. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba goti lililo jirani na mfupa uliovunjika huanza kufa ganzi ya uvivu ndani ya wiki chache. Kwamba msuli mkubwa wa mbele ya paja hugandana na kovu na kunywea hadi suruali inaning'inia kama bendera isiyo na upepo. Kwamba wiki sita au nane za mwanzo ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya miaka iliyobaki. Nilifundishwa kukaza msuli huku nimekunja taulo chini ya goti, nikihesabu hadi kumi, mara hamsini kwa siku. Nilifundishwa kuburuta kisigino sakafuni juu ya kipande cha kanga ili kiteleze. Baadaye nilifungiwa kilo moja ya mchele kwenye kifundo cha mguu na kuambiwa niinue. Mwanamke aliyenifundisha, mtaalamu wa fiziotherapia, ni mpole kwa maneno tu. Mara tatu kwa wiki alilikunja goti langu hadi nikamwomba Mungu kwa lugha ya mama yangu, Kipare, ambayo kanisani huwa siitumii.

Kuna siku nilikataa kwenda. Nilimwambia mke wangu kwamba mguu ulionyooka unanitosha, kwamba wapo watu wameishi maisha marefu na miguu iliyonyooka. Yeye, ambaye kwa majuma matano alikuwa akiniosha kama mtoto mchanga, hakubishana nami. Aliita bajaji. Naliandika hili kwa sababu wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba ustahimilivu ni tabia ya mtu binafsi. Wangu ulikuwa mke mwenye msimamo na nauli ya bajaji.

Niseme kidogo kuhusu goti lenyewe, kwa kuwa nimelisomea sasa kuliko nilivyosomea tasnifu yangu. Kutembea mahali tambarare kunahitaji goti likunjike nyuzi sitini au sabini hivi. Kupanda ngazi na kuinuka kwenye kiti kunahitaji nyuzi tisini na zaidi. Mtu wa ofisini anaweza kuishi na tisini: kiti chake kipo, choo chake ni cha kukalia, gari lake lina mlango mpana. Lakini kuchuchumaa kunadai zaidi ya mia na ishirini. Fikirini sasa ni mambo mangapi ya maisha yetu yanafanyika chini ya kiwango cha kiti. Choo cha shimo. Kigoda cha kukamulia ng'ombe. Jiko la mafiga. Kupalilia mahindi. Sijida ya Mwislamu, magoti ya Mkristo. Kuketi mkekani na wafiwa. Mtu mwenye goti la nyuzi sabini katika nyumba ya Muriet isiyo na choo cha kukalia huanza siku yake kwa fedheha, na fedheha hiyo haiandikwi katika faili lolote.

Watafiti wameliona jambo hili. Mradi ule wa chuma cha SIGN huwaomba wagonjwa wachuchumae na kutabasamu mbele ya kamera, na utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2019 ulikitathmini kipimo hicho kama njia rahisi ya kujua kama mfupa wa paja umepona. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Kipimo cha kitaalamu cha kupona kwa Mtanzania ni kuweza kuchuchumaa. Na ndicho kitu ambacho hatujaweka mtu wa kumsaidia akirudie.

Kijana wa Muriet hakuwa mvivu wala mjinga. Wenzake wa kijiweni walichangishana wakalipa upasuaji. Nimeliona daftari la michango hiyo, lina majina mengi na elfu mbili mbili, tano tano, kwa mwandiko wa kutetemeka. Mchango uliishia kwenye mlango wa hospitali. Aliambiwa aje kwenye mazoezi mara mbili kwa wiki. Kila mara angepaswa kulipia kikao, na kufika kwenyewe kulihitaji bodaboda kutoka nyumbani hadi barabara ya lami, kisha daladala. Nakuombeni mtulie kwenye picha hiyo: mtu aliyevunjwa paja na pikipiki, magongo yakiwa yamelazwa mapajani, anapanda pikipiki kwenye barabara ya vumbi na mawe ili akapate tiba ya paja. Alikwenda mara mbili. Mara ya tatu ilibidi achague kati ya nauli na unga.

Sasa tuje kwenye sheria, maana ndipo mtu wa fani yangu anapopaswa kutoa jasho. Mimi nilianguka nikicheza. Ilikuwa Jumapili, sikuwa kazini, sikuwa na sababu yoyote ya maana ya kuwa juu ya mnyama yule. Hata hivyo nchi ilinitunza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Bima yangu ya afya ililipia chuma, kitanda na vikao vya mazoezi. Mkuu wa idara alinigawia kusimamia tasnifu kwa simu nikiwa nimelala. Kijana wa Muriet alianguka kazini, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, akiwa anamfuata abiria. Ingekuwa ameajiriwa, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ingemhusu. Mfuko wa WCF ulioanza kazi mwaka 2015 hulipa matibabu, fidia ya ulemavu, na, someni vizuri, huduma za utengamao. Utengamao umo humo, umetajwa kama fao. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba dola haijui thamani yake. Dola inajua kabisa, kwa yule mwenye mwajiri anayechangia.

Yeye hana mwajiri. Ana bosi, ambaye humpelekea hesabu kila jioni, na kisheria bosi huyo ni mwenye pikipiki tu. Bima ya lazima ya chombo humlinda mtu wa tatu. Dereva aliyeanguka peke yake kwa kumkwepa punda si mtu wa tatu. Na tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoihalalisha pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa leseni, tumekuwa hodari wa kuzungumzia bodaboda kama ajira kila tunapohesabu ajira, na kama ukaidi kila tunapohesabu majeruhi.

Lipo jambo jingine ambalo watumishi wa halmashauri mnalijua kuliko mimi. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana mara nyingi hununua pikipiki kwa fedha hizo. Kijana akivunjika na asitengamae, anahama kutoka kwenye zile asilimia nne kwenda kwenye zile mbili, na katika vitabu vyetu inaonekana tumemhudumia mara zote mbili.

Kuna watakaosema kwamba hizi ni anasa za mataifa tajiri. Katika miezi ya kulala nilisoma habari za Christopher Reeve, mwigizaji wa Kimarekani aliyekuwa maarufu kwa kuruka angani katika filamu, ambaye Mei 1995 alianguka kutoka juu ya farasi huko Virginia akavunjika shingo. Hakutembea tena, alifariki mwaka 2004. Kilichonishika katika habari zake ni kwamba mtu yule, mwenye jina na fedha, alitumia sehemu ya miaka aliyobakiza kupigania ukomo wa malipo ya bima upandishwe juu zaidi, kwa sababu aligundua kwamba walioumia kama yeye walikuwa wakiishiwa bima kabla ya kuishiwa maisha. Tajiri na maskini huvunjika namna moja, na hata kule tajiri alikuta mlango wa utengamao unafungwa na mhasibu. Jambo lililo anasa halihitaji kupiganiwa na mtu asiyeweza kupumua bila mashine.

Shirika la Afya Duniani lilianza wito wake wa utengamao mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuziingiza huduma hizo katika mifumo ya afya ya nchi wanachama. Sisi wenyewe tuliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 26 inahusu jambo hili hili. Moshi tuna shule ya fiziotherapia, na tuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Yaani tunawafundisha majirani kazi ambayo kijana wa Muriet, mwendo wa saa mbili tu kutoka Moshi, hakuipata.

Aliyeipata nafasi hiyo ni mganga wa mifupa. Nilimpata na mimi: shangazi yangu alisafiri kutoka Same kuja kunishughulikia, akamwita mzee mmoja wa Kiarusha mwenye sifa, na ilinibidi nitumie diplomasia yote ya Afrika Mashariki ili asilikande paja lenye mishono mibichi. Najua hatari za tiba hiyo. Wodini niliona mguu uliofungwa vijiti kwa kukazwa hadi ukaoza. Lakini mzee yule alikuja nyumbani. Aliketi. Aliuliza nalala upande gani, nani ananiinua, na kama choo ni cha kuchuchumaa. Katika hospitali zote nilizopita, hilo la choo hakuna aliyeniuliza hadi nilipofika kwa mama wa fiziotherapia. Tunapowacheka watu kwa kuwakimbilia waganga wa mifupa tujiulize kwanza nani mwingine anayefika Muriet.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mjadala mkubwa umekuwa juu ya nani atachangia na kiasi gani, na ni mjadala halali. Ombi langu ni dogo, na linahusu kitita cha mafao: mtu akilipiwa chuma, alipiwe pia vikao vya kumfanya akitumie hicho chuma, na vihesabiwe kama sehemu ya upasuaji ule ule, kama nyuzi na ganzi zinavyohesabiwa. Kuvitenganisha ni sawa na kujenga daraja na kuacha kina cha mita tano za mwisho kwa hiari ya msafiri. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya watu 137,000. Hawa wanafika majumbani. Kuburuta kisigino juu ya kanga hakuhitaji shahada. Kunahitaji mtu aliyefundishwa, anayekuja Jumanne na Ijumaa, anayejua dalili za hatari, na mwenye namba ya simu ya mtaalamu aliye kituo cha afya. Na huyo mtaalamu awepo kwenye kituo cha afya, siyo kwenye hospitali ya rufaa peke yake. Watumishi wa mipango watasema ikama hairuhusu. Wahesabu pia, wakiwa na kalamu mkononi, gharama ya mtu wa miaka ishirini na minne atakayeketi benchini kwa miaka arobaini.

Kuhusu WCF sina jibu lililokamilika, na nawaalika wanasheria wanaonisoma wanisahihishe. Vyama vya bodaboda vipo, vina katiba, vina vitambulisho, na vinakusanya ada. Sioni kwa nini mchango mdogo usipitie humo. Naona vilevile ugumu wake: nani atalipa, dereva ambaye hesabu ya bosi imemmaliza, au bosi ambaye sheria haimwiti mwajiri? Ningependa tuanzie kwa bosi.

Kijana wa Muriet nilimkuta tena mwezi Mei, kwa bahati, nikiwa nimepita kijiweni kwao. Alikuwa benchini, akiwatunzia wenzake kofia ngumu. Alisimama kunisalimia kwa heshima, «Shikamoo Mzee wa Farasi,» na nikaona namna alivyosimama. Nikaona pia alivyoutazama mguu wangu, kwa muda mfupi, kisha akatazama pembeni. Sikuwa na la kumwambia. Ningeweza kumwambia kwamba nilifanya mazoezi kwa bidii, nalo lingekuwa kweli, na lingekuwa tusi.

Mama wa fiziotherapia alikubali kuja Terrat kumwona bila malipo, akasema mfupa hauna tatizo na kwamba bado kuna nafasi, ingawa imechelewa. Ikishindikana atahitaji upasuaji mwingine wa kulegeza msuli, na sote tulinyamaza kwa kuwa tulijua daftari la kijiweni halina kurasa za kutosha. Alitupa ratiba. Tangu hapo kijana huja kwangu kila Jumamosi, kwa pikipiki ya rafiki yake, na hulala barazani kwenye sakafu ya saruji na kipande kile kile cha kanga. Binti yangu, ambaye nadhani anajiona mwenye deni katika habari hii yote, ndiye mpimaji. Ana kipimapembe cha shule cha plastiki, hukiweka ubavuni mwa goti na kusoma kwa sauti. Jumamosi ya kwanza alisoma sitini na nane. Iliyopita alisoma themanini na moja, kijana akabisha kwamba ni themanini na tatu, wakapima upya.